Mlevi, Toba na Wenzake wa Safari

Historia ya usharika haikamiliki kwa kuhesabu majengo, wachungaji na waliobatizwa peke yake. Iko pia historia ya vita ambavyo Wakristo wamepigana majumbani mwao, na katika vita hivyo ulevi umedumu kuliko vingi. Katika miaka hii mia moja Kanisa la mlimani limejua vema kumwonya mlevi na kumrudi. Lililochelewa kumpatia ni wenzake wa kutembea nao baada ya kutubu.

Mbege na undugu

Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 waliikuta mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ikiwa na mahali pake katika posa, tambiko, na upatanisho wa waliogombana. Kata ilipozunguka, kila aliyekunywa alitangaza kwamba hana neno na mwenziwe. Aliyeikataa alionekana kukataa undugu. Ugumu huo upo hata leo. Anayetaka kuacha pombe haogopi kiu tu, bali anaogopa kutengwa na ukoo wake, hasa mwezi wa Desemba, wanapopanda nyumbani ndugu kutoka kila pembe ya nchi. Baadaye ziliongezeka bia za viwandani, gongo, na viroba, ambavyo Serikali ilivipiga marufuku Machi 2017. Viroba viliondolewa madukani, lakini kiu ya waliokwisha kufungwa haikuondolewa kwa amri.

Nidhamu na Uamsho

Njia ya sharika zetu ilikuwa nidhamu. Mlevi alizuiwa kushiriki Meza ya Bwana, na alipotubu alisimama mbele ya usharika na kurudishwa kundini. Tusiidharau njia hiyo, maana wako walioinuka kwayo. Lakini toba ilifanyika Jumapili, na kilabu kilifunguliwa Jumatatu. Mtu alirudi nyumbani akiwa amesamehewa, naye yu peke yake.

Hata hivyo mbegu ya jambo jingine ilikuwapo. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyehudumu Kidia, Old Moshi, aliwaunganisha vijana wa kipaimara katika vikundi vidogo vya kuangaliana, akifuata mfano wa rika za Wachagga. Tena Uamsho ulioanzia Rwanda na kuenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1930 ulileta vikundi vya ushirika, ambamo ndugu walikutana kwa ukawaida, wakaungama na kushuhudia. Wengi waliacha pombe kwa sababu walikuwa na mahali pa kwenda na watu wa kuwauliza habari zao.

Vikundi vya kusaidiana

Mwaka 1935, huko Akron, Marekani, Bill Wilson na daktari Bob Smith, wote wawili walevi, waligundua kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kuliko mhubiri. Hapo ndipo ulipoanza umoja wa Alcoholics Anonymous. Wote wawili walikuwa wamepitia vikundi vya ushirika vya Frank Buchman, ambaye alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Jambo hili, basi, si geni kwetu kama wengi wanavyodhani.

Mkutano wenyewe ni wa kawaida. Watu huketi pamoja, hutaja jina la kwanza tu, na kila mmoja hueleza hali yake bila kukatizwa wala kushauriwa kwa nguvu. Hakuna ada. Sharti la kujiunga ni moja: nia ya kuacha kunywa. Mwenye uzoefu humlea mgeni, na yasemwayo hubaki mle ndani. Hapa njia hii hutofautiana na desturi yetu. Sisi tulimtaka mtu aungame mbele ya watu wote. Kikundi humpa kwanza faragha. Katika kijiji ambamo kila mtu anamjua baba wa mwenzake, faragha hiyo ndiyo mlango wenyewe.

Nchini mwetu mwendo umeanza. Zanzibar, tangu mwaka 2009, nyumba za upataji nafuu zimewasaidia walioathiriwa na dawa za kulevya na pombe kwa mikutano ya namna hii. Hapa Moshi, katika Hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, programu ya Punguza Pombe Kwa Afya Yako imefanyiwa utafiti, ikiwatumia wauguzi kuzungumza na majeruhi juu ya unywaji wao.

Wajibu wetu

Anayetafuta kikundi aanze kuuliza hospitalini, katika kitengo cha afya ya akili. Tena aliyekunywa sana kwa miaka mingi asiache ghafla peke yake, kwa maana aweza kupata degedege na hata kufa. Amwone daktari kwanza. Jamaa zake nao wanahitaji mahali pa kusemea, kama umoja wa Al-Anon ulivyotambua tangu mwaka 1951.

Mtume anatuagiza katika Wagalatia 6 juu ya kuchukuliana mizigo. Usharika unaoingia karne ya pili unaweza kulitii agizo hilo kwa gharama ndogo: chumba kimoja, jioni moja kila juma, mlango ulio wazi, bila karani wa kuandika majina. Na katika sherehe zetu, anayeomba maji au chai apewe, asiulizwe kwa nini. Hapo ndipo atakapojua kwamba amerudi kundini kweli.