Mkonge: mashine ya Marekani, jasho la Tanga

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliletewa Tanga miche ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Ilitumwa 1,000, ikafika hai 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na ndiyo iliyozaa mashamba yote yaliyofuata, kuanzia bonde la Pangani hadi Morogoro na Lindi.

Kwa nini Wajerumani wahangaike namna hiyo kwa mmea wenye miiba? Jibu liko katika mashamba ya ngano ya Marekani. Huko, mashine ya kukata ngano ilikuwa imeanza kazi zamani, lakini nyuma yake bado walitembea watu wakifunga matita kwa mikono. Ulijaribiwa waya, vipande vyake vikaingia kwenye malisho na kuumiza ng'ombe. Miaka ya 1870 John Appleby alibuni chombo cha kupiga fundo la uzi. Wafungaji matita wakakosa kazi, na dunia ikahitaji uzi usio na kikomo, kwa sababu uzi wa tita hutumika mara moja tu. Wenye mashamba wa Yucatán, Mexico, wakatajirika kwa katani, nyuzi za mmea wa jamii ya mkonge zilizosokotwa kuwa uzi huo. Wajerumani nao wakataka fungu lao.

Mkonge ukikatwa hauwezi kungoja. Jani lazima lichakatwe upesi, na katika kilo 100 za majani hupatikana takribani kilo 4 tu za singa, yaani nyuzi. Kuyasafirisha mbali ni hasara. Kwa hiyo kila shamba kubwa lilihitaji korona yake, yaani mtambo wa kukwangua majani, pamoja na injini, maji mengi na reli ndogo ya troli. Ndiyo sababu mkonge haukuwa zao la mwenye jembe, kama kahawa ya Wachaga au pamba ya Wasukuma. Aliyekuwa na korona ndiye aliyekuwa na mkonge: Mjerumani kwanza, kisha Mwingereza, Mgiriki, Mswisi, Mhindi.

Kuna jambo moja ambalo naona wengi hulipita haraka. Korona ilimeza shehena za majani mchana kutwa, lakini mashine ya kuyakata shambani haikupatikana. Hadi leo mkonge hukatwa kwa kisu, jani moja baada ya jingine. Kadiri mtambo ulivyoongeza kasi kiwandani, ndivyo mikono mingi zaidi ilivyohitajika shambani. Hivyo mashine iliyompunguzia kazi mvunaji wa Kansas ilimzidishia kazi kijana wa Songea.

Kijana huyo alifika kama manamba, kibarua wa mkataba. Kodi ilimsukuma atoke kwao. Kuanzia 1944 ofisi ya wenye mashamba, SILABU, ilimwandikisha na kumsafirisha kutoka Songea, Ubena, Buha, hata Ruanda-Urundi. Alifanya kazi kwa kipande: siku 30 zikikamilika ndipo alipolipwa, na siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuhesabiwa. Mshahara ulitosha mtu mmoja tu. Watoto na wazee walilishwa na mke aliyebaki kijijini akilima. Jembe la mwanamke huyo lilikuwa sehemu ya faida ya mkonge, na hakuna daftari la shamba lililowahi kuliandika.

Mwaka 1942 Japani ilipoteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, Uingereza na washirika wake walipoteza nyuzi za kamba za huko, na watu wa Tanganyika wakashurutishwa kwenda kukata mkonge. Vita vya Korea vikapandisha bei hadi wenye mashamba wakauita mkonge dhahabu nyeupe. Migomo ya mwishoni mwa miaka ya 1950, na kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa baada ya uhuru, hatimaye viliongeza ujira. Waajiri wakajibu kwa kupunguza watu na kukaza kazi kwa waliobaki.

Mwaka 1964 Tanganyika ilifikia kilele, takribani tani 230,000. Lakini miaka kumi kabla, Giulio Natta alikuwa amefanikiwa kutengeneza polipropilini nchini Italia. Kamba yake, itokanayo na mafuta ya petroli, haiozi na haihitaji korona wala manamba. Bei ya mkonge ikaporomoka. Serikali ilipotaifisha sehemu kubwa ya mashamba mwaka 1967, ilichukua mali ambayo soko lilikuwa limeanza kuikimbia. Wanaoutupia utaifishaji lawama yote hawautendei haki. Hata hivyo Brazil na Kenya zilikumbwa na kamba ileile lakini hazikuporomoka kiasi hicho, kwa hiyo uendeshaji mbovu nao una fungu lake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa takribani tani 20,000, na kambi nyingi za manamba zilibaki na wazee wasio na nauli ya kurudi kwao.

Leo sehemu kubwa ya majani ya Korogwe hutoka kwa wakulima wadogo. Ardhi wameipata, na huko Hale mabaki ya mkonge yamewahi kugeuzwa gesi ya kufulia umeme. Lakini jani bado haliwezi kungoja. Mkulima anayetegemea korona ya mwingine hukatwa gharama za usafiri na uchakataji kabla hajaiona fedha yake, na korona ikiharibika, mzigo wake hukauka shambani. Vyama vya ushirika vinavyotaka kumiliki mitambo yao vinadai jambo ambalo manamba hawakuwahi kuulizwa: korona iwe ya nani.