Wanga uliosimamisha kola za wakubwa

Shule yoyote ya hapa Mpui, Ufipa, itakayoamua kuigiza Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare ambayo tafsiri yake ya Mwalimu Nyerere ilichapishwa mwaka 1969, itakutana na swali la mavazi. Tamthilia hiyo iliandikwa kati ya 1596 na 1598, zama ambazo wakubwa wa Ulaya walivaa kola nene ya marinda iliyozunguka shingo yote, kichwa kikaonekana kama kimewekwa juu ya sahani. Ni miaka ileile Wareno walipokuwa wakijenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, ujenzi ulioanza 1593.

Sifa za kola hiyo hupewa fundi cherehani. Mimi naona zinamstahili zaidi dobi.

Kitambaa chembamba cha kitani hakisimami chenyewe. Kilipoingia Uingereza, Malkia Elizabeth wa Kwanza alikosa mtu wa kukitia wanga, ikabidi watafutwe wanawake wa Kiholanzi. Mke wa Guilham Boonen, aliyekuwa dereva wa magari ya farasi ya malkia, ndiye aliyepewa kazi hiyo. Mwaka 1564 akafika London Dinghen van den Plasse, mkimbizi kutoka Flanders, akaanza kufundisha. Ada yake ilikuwa pauni nne au tano, na shilingi ishirini zaidi kwa atakayetaka kujua namna ya kuupika wanga wenyewe. Mtumishi wa kike wa nyumbani aghalabu hakupata fedha hizo kwa mwaka mzima.

Wanga huo ulitokana na ngano. Mvua zilipoharibu mavuno katikati ya miaka ya 1590 na watu wakalala njaa, serikali ilipambana na watengenezaji wake, maana nafaka ya mkate ilikuwa ikiishia shingoni mwa matajiri. Kwa sisi wa Ufipa, tunaolima mahindi, ulezi na ngano, jambo hilo halihitaji maelezo marefu.

Kwa hiyo hapa tutumie muhogo. Ukune, uukamue kwenye maji, uyaache yatuame. Wanga utakaa chini. Ukoroge kwanza kwa maji baridi, kisha umimine yanayochemka huku ukikoroga hadi uwe uji mwepesi unaong'aa. Kitambaa kiwe chembamba cha pamba. Msafiri Joseph Thomson alipopita Ufipa mwaka 1880 aliwakuta wenyeji wakifuma nguo zao za pamba, ila zile zilikuwa nzito, hazifai kwa marinda haya.

Kata utepe wa mita kadhaa, uukunje ujikusanye, uushone kwenye mkanda wa shingo. Uchovye, uukamue, kisha ukiwa bado na unyevu uingize kipande cha nondo laini kilichopashwa moto katika kila rinda, moja baada ya jingine, mpaka yafuatane kwa umbo la namba 8. Waingereza walitumia vijiti vya mti au mfupa, hadi miaka ya 1570 vilipokuja vya chuma. Chuma kikizidi moto, wanga huungua na kuacha doa la kahawia. Kijaribu kwanza kwenye kitambaa kibovu.

Na onyesho lisiwe uwanjani wakati wa masika. Philip Stubbes, aliyezikemea kola hizi kwa hasira katika kitabu chake cha 1583, alieleza jinsi mvua ilivyozilegeza zikaning'inia mabegani. Hapo dobi alianza upya: kufua, kutia wanga, kupasha chuma.