Yaliyomo ya kubonyeza: historia fupi kutoka Malimbe

Huku Malimbe ni msimu wa ripoti za utafiti, foleni za steshenari zinaanza asubuhi. Juzi jamaa mmoja wa Elimu kachapa nakala tatu, kazifunga jalada gumu kabisa, kufungua Yaliyomo anakuta mistari miwili imeandikwa "Error! Bookmark not defined." Hela imekwenda! Kila mtu anailaumu kompyuta. Mimi mtu wa Historia nikaona hapa kuna stori, tena tamu tu.

Tuanzie mbali. Mwaka 1945, wakati Aniceti Kitereza anamaliza riwaya yake ya Kikerewe hapo ng'ambo Ukerewe (wengi tunaijua kwa Kiswahili, toleo la 1980), Mmarekani Vannevar Bush alichapisha makala kuhusu meza-mashine ambayo msomaji angeitumia kuunganisha hati na hati, akaruka toka hii hadi ile. Hawakujuana hao, ni mimi tu napenda kuwaweka pamoja. Mashine yenyewe haikujengwa. Ted Nelson akaleta jina "hypertext" mwaka 1965, halafu tarehe 9 Desemba 1968, San Francisco, Douglas Engelbart akawaonyesha watu orodha ya manunuzi kwenye skrini, kama ya mtu anayetumwa Mwaloni. Anabonyeza kwa kipanya, orodha inakunjuka. Kwangu mimi, hiyo tayari ni Yaliyomo ya kubonyeza.

Watumiaji wa Word tulipata viungo na Word 97. Na hapa ndipo watu wanapokwama: kiungo cha Yaliyomo hakifuati namba ya ukurasa! Ukivipa vichwa vyako staili ya Heading 1, Heading 2, kisha ukaagiza Yaliyomo, Word inapanda alama ya siri kwenye kila kichwa. Jina lake linaanza na _Toc, halafu tarakimu. Kiungo kinaifuata hiyo alama popote kichwa kitakapohamia. Sasa ukifuta kichwa, alama inakwenda nacho. Ukibonyeza F9 na kuchagua kusahihisha namba za kurasa tu, mstari unabaki unatafuta alama iliyokwisha kufa, ndiyo hilo kosa la jamaa. Chagua kusahihisha jedwali zima, mstari unaondoka wenyewe.

Na ukiandika Yaliyomo kwa mkono, nukta nukta nukta hadi ukingoni kama wanavyofanya wachapaji wengi wa mtaani, hakuna alama wala kiungo. Msimamizi anayesoma kwenye simu ndani ya daladala ya Nyegezi atasogeza kidole kurasa 80. Unadhani atafika sura ya nne akiwa na furaha?

Kitu ambacho wengi hatuhadithiwi: tuliwahi kupata programu ya namna hii kwa Kiswahili. Mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, bure kabisa. Ila OpenOffice ya miaka ile ilikuwa na vituko vyake. Yaliyomo ilitoka bila viungo, ikabidi ufungue muundo wa mistari, upachike LS mwanzo na LE mwisho, ngazi moja baada ya nyingine. LibreOffice, mtoto wa OpenOffice, siku hizi inaviweka yenyewe. Mie usumbufu ule nauonea wivu kidogo, maana aliyepachika LS kwa mkono wake alijua kiungo kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Sisi tunabonyeza tu.

Halafu PDF, jamani. Ukiwa kwenye Word usipitie njia ya kuprinti, mara nyingi viungo vinafia humo. Tumia kuhifadhi kama PDF, na kwenye machaguo weka tiki pale pa kutengeneza alama kutokana na vichwa. Hapo msimamizi atapata Yaliyomo mbili, moja ndani ya kurasa na nyingine pembeni.