Daraja la Nyerere, Kigamboni

Kwa miaka mingi, mkazi wa Kigamboni alikuwa akiuona mji wa Dar es Salaam ng'ambo ya maji, lakini kuufikia ilibidi apange foleni ya pantoni ya Magogoni. Pantoni ikiharibika, safari ililala. Njia nyingine ilikuwa kuzunguka kwa barabara kupitia Kongowe, mwendo mrefu kwa mgonjwa au mama mjamzito.

Ujenzi wa daraja ulianza mwaka 2012. Lina urefu wa mita 680 na njia sita za magari, na sehemu yake ya kati imeshikiliwa na nyaya nene zinazoonekana kutoka mbali ukiwa Kurasini, upande wa mjini. Rais John Magufuli alilizindua tarehe 19 Aprili 2016. Wapo waliotaka lipewe jina lake. Yeye akachagua la Mwalimu Julius Nyerere.

Kwa nini wenye vyombo vya moto hulipa tozo kuvuka daraja hili? Sehemu kubwa ya fedha, asilimia 60, ilitoka NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, na iliyobaki ikatoka serikalini. Akiba hiyo ni ya wanachama, hivyo lazima irudi.

Waenda kwa miguu hupita bure. Bodaboda, bajaji, daladala na malori husimama kwenye vibanda vya tozo, kila chombo kwa kiwango chake. Malalamiko ya wakazi, ambayo yalikuwa ya haki kwa anayevuka mara mbili kila siku, yalizaa matunda mwaka 2022: viwango vilishushwa, na malipo ya siku, wiki na mwezi yakaanzishwa.

Pantoni bado inavusha watu Magogoni.