Mpira wa magongo: Sohal alivyofikisha mechi 167, na kinachopungua Mbinga

KATIKA mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, na katika milima ya Umatengo wilayani Mbinga, mtoto mwenye kipaji cha michezo huzijua mapema njia zilizo mbele yake. Ipo soka, ipo netiboli, ipo riadha, na yapo mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, yanayoweza kumfikisha Songea na kisha ngazi ya taifa. Mpira wa magongo, ambao wengi huuita hoki, ni nadra kuingia katika hesabu hizo, ingawa mchezo huo uliwahi kuipa Afrika Mashariki mchezaji ambaye dunia nzima ilimhesabia mechi zake.

Mchezaji huyo ni Avtar Singh Sohal wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1938. Alianza kuichezea Kenya mwaka 1957, akiwa kijana wa miaka 19, wakati nchi hiyo ingali koloni la Uingereza. Hadi mwaka 1972 alikuwa amekwisha kucheza mechi 167 za kimataifa, idadi iliyomwingiza katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Alishiriki michezo minne ya Olimpiki mfululizo, yaani Roma 1960, Tokyo 1964, Mexico 1968 na Munich 1972, na katika mitatu ya mwisho alikuwa nahodha.

Tokyo ndiko Kenya iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza ikiwa taifa huru, na timu ya Sohal ikamaliza ya sita. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza lililofanyika Barcelona, Kenya ilifika nusu fainali na hatimaye ikashika nafasi ya nne, baada ya kufungwa na India mabao 2-1 katika muda wa nyongeza. Hadi Kombe la Dunia la mwaka 2023, hakuna timu ya wanaume kutoka Afrika iliyokuwa imefanya vizuri zaidi ya hapo.

Kipaji alikuwa nacho, lakini alikulia pia mahali palipokuwa na viwanja. Nairobi ya miaka ya 1950 ilikuwa na klabu za jamii za Waasia, zikiwamo za Masingasinga na za Wagoa, ambazo zilikuwa na timu za hoki na ushindani wa mara kwa mara baina yao. Wengi wa wachezaji wa timu ya taifa walitoka katika jamii hizo. Mtoto alimtazama kaka yake akicheza, akaokota gongo, na alipofika umri wa kuitwa kambini mikono yake ilikuwa imekwisha kuzoea.

Kuzoea huko si jambo dogo. Gongo la hoki ni bapa upande mmoja tu, nao ni wa kushoto, na mchezaji haruhusiwi kuupiga mpira kwa upande wa mviringo. Anayetaka kuucheza mpira ulio kushoto kwake hulazimika kuligeuza gongo kwa kifundo cha mkono huku akikimbia ameinama. (Wenye kutumia mkono wa kushoto hawana msamaha, kwani sheria haziruhusu gongo la kwao.) Aidha, bao la kawaida halihesabiwi mpaka mpira uwe umeguswa na mshambuliaji ndani ya nusu duara iliyo mbele ya lango. Anayeanza kujifunza hayo akiwa na miaka 20 amechelewa.

Mazingira ya Nairobi hayakudumu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Waasia wengi waliondoka Kenya, wengi wao wakielekea Uingereza. Kisha mwaka 1976, mjini Montreal, hoki ya Olimpiki ilichezwa kwa mara ya kwanza kwenye nyasi bandia, ambazo gharama yake ilikuwa mzigo mzito kwa nchi maskini. Kenya ilisusia michezo hiyo na ile ya mwaka 1980, ikarudi 1984 na 1988, na tangu hapo hoki yake ya wanaume haijaonekana tena katika Olimpiki.

Kwa upande wa Tanzania, nafasi ilikuja ghafla. Nchi nyingi zilipogoma kwenda Moscow mwaka 1980, timu ya wanaume ya Tanzania ilialikwa kujaza pengo. Ilikutana na India, waliotwaa medali ya dhahabu mwaka huo, ikafungwa mabao 18-0, na ikamaliza ya sita kati ya timu sita. Wachezaji hao walichekwa, na haikuwa haki. Walipelekwa katika mashindano makubwa kuliko yote bila kupitia ngazi ambazo Sohal alizipanda kwa miaka mingi.

Ngazi hizo ndizo zinazopungua Mbinga. Uwanja kamili wa hoki una urefu wa meta 91.4 na upana wa meta 55, nao lazima uwe tambarare. Katika Umatengo, ambako wakulima hulima kwa mashimo ya ngoro ili mvua isiporomoshe udongo wa miteremko, kipande cha ardhi cha namna hiyo ni adimu, na kikipatikana soka hukitangulia. Mwambao una nafuu ya ardhi iliyolala, ila mchanga hukwamisha mpira mdogo usiofika hata gramu 170. Tena kunahitajika magongo, vikinga ugoko, mavazi ya mlinda lango, na mwalimu anayezijua sheria.

Hata hivyo, lipo umbo la hoki linalopunguza gharama hizo. Ni hoki ya wachezaji watano kila upande, inayochezwa katika kiwanja kisichofikia nusu ya kile cha kawaida. Kombe lake la kwanza la Dunia lilifanyika Muscat, Oman, Januari 2024, na Kenya ilishiriki kwa wanaume. Kabla ya hapo, katika Olimpiki ya Vijana ya mwaka 2018 mjini Buenos Aires, wavulana wa Zambia, jirani wa Tanzania, walicheza nusu fainali ya mchezo huo na kumaliza katika nafasi ya nne.