Gakaara wa Wanjau: Kalamu ya Karatina iliyobadili sauti

Msafiri atokaye Kiganjo kuelekea kusini, kwa reli au kwa barabara, hupita Karatina, mji wa soko ambako marehemu Gakaara wa Wanjau (1921-2001) aliendesha kiwanda chake cha uchapishaji. Wasomaji wengi wa Kiswahili hawamjui, maana sehemu kubwa ya kazi zake aliitunga kwa Kigikuyu.

Sifa yake ya awali ilitokana na maandishi ya hamasa. Kimojawapo, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, alikitoa kwa Kiswahili. Mwaka 1952 alitoa imani ya Gikuyu na Mumbi, iliyoandikwa kwa kufuata mtindo wa kanuni ya imani ya Kikristo. Akiwa mwana wa mchungaji wa Kipresbiteri, alizijua vyema nguvu za maneno yanayokaririwa na umati. Serikali ya kikoloni ilizijua pia. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba mwaka huo, Gakaara alitiwa kizuizini.

Alipitia Kajiado, kisiwa cha Manda na Athi River. Huko Athi River kalamu yake ilijaribiwa vikali: alitunga michezo ya kuigiza chini ya mpango wa serikali wa "kuwarekebisha" wafungwa. Wapo wanaomlaumu kwa hilo hadi leo, ingawa ni rahisi kulaumu ukiwa nje ya seng'enge.

Hata hivyo, alikuwa pia akiandika shajara kwa siri. Humo hamna wito wala kaulimbiu. Mna tarehe, majina na mambo ya kila siku kambini. Kwa maoni yetu, ni katika uandishi huo mkavu ndipo mwandishi alipojipata upya.

Baada ya kuachiliwa alianzisha jarida la Gikuyu na Mumbi. Mhusika wake mashuhuri, Wa-Nduuta, si shujaa wa kuhutubia watu bali ni mtu wa kawaida, mwenye visa vya kuchekesha. Mhamasishaji wa 1952 alikuwa sasa msimulizi.

Shajara ilichapishwa mwaka 1983 na kupata Tuzo ya Noma ya 1984, pamoja na kitabu cha Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Miaka miwili baadaye, wakati wa msako wa Mwakenya, mzee huyo alikamatwa tena. Alipoachiliwa alirejea Karatina, kwenye mashine zake.