Njaa Iliyokuja Baada ya Maji Maji



Ndugu yangu, ukiwauliza vijana wetu wa Njombe habari za Vita vya Maji Maji, watakutajia Kinjikitile na maji yake, basi. Yakobi hawaitaji, nayo ni hapa hapa nyumbani. Septemba 1905 Wabena wa Mbeyela waliishambulia misheni ya Wajerumani pale Yakobi, wakashindwa. Yaliyofuata ndiyo ninayotaka uyazingatie.

Wajerumani waliona kumfukuza mpiganaji msituni ni kazi ngumu, wakakigeukia chakula chake. Vijiji vilichomwa, maghala yakaporwa au kutiwa moto, mifugo ikachukuliwa. Mvua za kupandia zikakuta watu wamejificha maporini na mbegu imeungua. Vita vilikwisha 1907, njaa ikaendelea. Serikali ya Kijerumani yenyewe ilikubali vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na njaa na maradhi.

Sasa tazama balaa linavyovuta balaa. Sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imeshamaliza ng'ombe wengi Afrika Mashariki, hivyo watu wengi waliingia vitani akiba ya mifugo imeshapungua. Watu walipokufa, mashamba yakarudi pori. Pori likaleta nguruwe na mbung'o, na penye mbung'o ng'ombe hakai. Sehemu za kusini zilizokuwa na vijiji zikabaki za wanyama.

Wala usiwadharau mababu. Akiba walijua kuweka, ila akiba ile ilikuwa ya kungojea ukame, haikuwa ya kungojea jeshi lenye kiberiti. Nabii Yusuf (a.s.) aliwafundisha watu wa Misri kuacha nafaka katika masuke yake, nasi tunaihadithia sana hekima hiyo. Tunasahau kwamba yale maghala yalikuwa na dola nyuma yake ya kuyalinda.

Haya, wewe wa Makambako uliyepakia mahindi yote kwenye lori moja, na fedha yote ukaitia kwenye viazi. Baridi kali ikiviunguza, mwezi huo huo mbolea ikapanda bei na mtoto akaugua, utamkopa nani? Jirani yako naye amepanda viazi hivyo hivyo.